Msiba Kwenye Ghorofa ya Zawadi

1

"Lieni polepole," niliwaambia.

Mimi, binti wa marehemu, nilisimama katikati ya sebule ya mama yangu, watu wamejazana kwenye mikeka magoti kwa magoti, nikawaomba walie polepole. Mjomba Mbonea, kaka yake mama, alikuwa ameshuka kutoka Upare asubuhi ile kuja kusimamia msiba. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Polepole vipi, Nakiete? Tulie kwa ishara?"

"Kwa sauti ya chini tu, mjomba. Mkiimba kwa nguvu mnatoa pumzi nyingi, na ukuta huu haujazoea watu wengi hivi."

"Ukuta," alisema mjomba, akageuka kuuangalia.

Ulikuwa nyuma yake, kijani kama kisamvu, ukitoa ubaridi wake wa taratibu. Tofali zake hazikuchomwa tanuruni, zilioteshwa. Ndani yake wanaishi kuvu na mwani ambao hula hewa chafu tunayoitoa puani na kushusha joto la nyumba bila feni wala kiyoyozi. Sisi wa Nyikani tumezaliwa tumeukuta na hatuushangai tena. Mjomba, mtu wa milimani, aliusogelea akaunusa.

"Huu ndio unaotukataza kumlilia Namsifu?"

Niliangalia bangili yangu. Mimi ni mlezi wa ukuta, mwajiriwa wa Jiji, na bangili ile husoma kile kinachonuswa na pua za ukuta, yaani vidude vidogo vya shaba vilivyochomekwa katika kila ghorofa ya jengo letu la Mkuyuni. Rangi yake bado ilikuwa kijani, ila kijani cha kupauka, na ilikuwa bado asubuhi.

Mgeni akiuliza, nitamweleza hivi. Jiji la Nyikani halikumlazimisha tajiri yeyote kujenga kwa ukuta hai. Lilimtega kwa utamu. Ukijenga kijani, kibali chako kinatoka chai haijapoa, wenzako wa zege wakiendelea kusota kwenye foleni. Kodi ya jengo unasamehewa. Na kubwa kuliko yote, unaruhusiwa kupandisha ghorofa nne zaidi ya kiwango cha mtaa, mradi uzipangishe kwa bei nafuu kwa watu kama sisi. Tunaziita ghorofa za zawadi. Mama na mimi tulikaa kwenye mojawapo, ya kumi na moja.

Lakini zawadi hiyo ina kamba. Ukuta ukikutwa wa njano jua linapozama, ghorofa za zawadi zinafungwa palepale, maji na umeme vinakatwa, na wapangaji wanatoka na vyombo vyao. Sheria iliwekwa hivyo kwa sababu miaka ya mwanzo wajenzi walipaka zege rangi ya kijani, wakapewa ghorofa, wakazijaza watu, nao wakaokwa humo kama mikate. Baba yangu alifia kwenye nyumba ya namna hiyo, mwaka wa joto kubwa. Kwa hiyo mtu asiniambie sheria ile ni mbaya. Niliipenda, na niliisimamia kwa moyo wangu wote.

Walioiandika walihesabu pumzi za kila mkazi. Waliweka za kulala, za kupika, za wageni wa sikukuu, mpaka za mbwa. Msiba hawakuuweka. Na ni watu wa hapahapa, si wageni. Wanakaa matanga kama sisi. Nadhani kila mmoja wao, akiwa mezani na kalamu mkononi, alijiona mtu atakayezikwa kwao milimani, akasahau kwamba watu wanakuja kwanza kulia pale alipokuwa akiishi.

Na mama yangu hakuwa mtu wa kuliliwa na watu wachache. Namsifu alikuwa mpishi wa misiba. Haikuwa kazi ya mshahara. Mtu akifiwa, awe Mpare, awe Mmakonde, awe jirani asiyejulikana kwao, mama angefika na mwiko wake mrefu kama mchi, angefunga kanga kiunoni, na kuanzia hapo jikoni ni kwake. Wafiwa wangapi jijini walikula wali wake huku machozi yanadondokea sahani! Leo ilikuwa zamu yao kuja. Aliniomba jambo moja tu alipokuwa hospitali: "Usiniache mochwari, mwanangu. Usiku wa mwisho nilale kwangu." Jeneza lake lilikuwa chumbani, kwenye kitanda chake, likisubiri safari ya kesho ya kwenda kuzika Upare.

2

Kabla ya saa sita mlango wa chini ukaniita kupitia bangili.

Nilishuka. Nje ya kioo walisimama wanawake wengi wenye umri wa mama, na vitenge vyao, na masufuria yao makubwa wameyabeba wawili wawili. Walikuwa wapishi wenzake. Basi lililowashusha lilikuwa limeshaondoka, kwa kuwa king'ora cha jua kilikuwa karibu kulia, na kikilia hakuna kiumbe kinachoruhusiwa kuwa barabarani mpaka saa kumi alasiri. Si amri ya bure. Jua la Nyikani saa saba linamwangusha ng'ombe.

Mlango ukaniandikia kwenye kioo: *Wageni wamezidi kiwango cha jengo. Fungua. Kataa.*

Kidole changu kilikuwa karibu na *Kataa*. Nasema kweli. Nilifikiria ghorofa nne zilizojaa watu juu ya kichwa changu. Nikafikiria kuwapeleka kwingine, lakini wapi? Kila jengo la mtaa ule lina ukuta wake na hofu yake. Kanisa letu lenyewe liko ghorofa ya chini ya jengo la kijani, na lina kiwango chake kama duka. Turubai haliruhusiwi kwenye majani ya nje, maana majani yale hunywa maji ya mvua na nayo yanaliongezea jengo alama za kijani zinazohesabiwa na Jiji. Walikuwa wamefikiria kila kitu, wenzetu walioiandika sheria.

Bibi mmoja aliweka sufuria chini akaniona kupitia kioo. Hakujua kama kuna swali lolote. Aliona tu mtoto wa Namsifu amekuja kuwapokea, akafungua mikono.

King'ora kikalia. Nikabonyeza *Fungua*.

Waliingia na jua mgongoni. Tulipofika juu, walipoliona jeneza, hakuna aliyekumbuka kulia polepole, na mimi sikuwakumbusha. "Namsifu-u-u! Umetuachia nani moto, Namsifu!" Sauti zao zilijaa nyumba nzima. Nilikuwa nimemshika yule bibi aliyefungua mikono wakati bangili ilipoanza kutetemeka. Nikainua macho. Kuanzia kona ya dari, ukuta ulikuwa unageuka njano taratibu, kama jani la mgomba lililopatwa na moto.

3

Tunsume alinikuta jikoni. Huyu ni jirani yangu wa ghorofa ya kumi na mbili, juu yetu kabisa, mama wa mapacha wawili wasichana. Alikuwa ameshinda msibani tangu asubuhi akiosha vyombo. Sasa alikuwa ameshika kanga iliyolowa maji.

"Iko wapi pua ya hapa?" aliniuliza.

Nilielewa mara moja. "Tunsume, hapana."

"Unafunika tu, Nakiete. Kanga mbichi juu ya pua, ukuta unanusa maji, bangili inasema kijani. Jua likizama tunaitoa. Nani atajua?"

"Ukuta utajua. Umeshashiba, ukiendelea kulishwa wakati pua zimezibwa, unaoza kwa ndani. Ule wa Jengo la Mivinje waliufunika hivyohivyo kwa ajili ya harusi. Hewa iliyotoka ilikuwa haina harufu. Waliolala ghorofa za chini hawakuamka."

"Ile ilikuwa usiku kucha. Hii ni mpaka magharibi."

"Na kama ni magharibi ndiyo inatosha kuua? Mimi sijui inachukua muda gani. Hakuna anayejua."

Maji ya kanga yalikuwa yanadondoka sakafuni. Kisha Tunsume akasema neno ambalo mpaka leo linaniuma, kwa kuwa lilikuwa kweli: "Kwa hiyo mimi nitoke na wanangu ili wewe umlaze mama yako?"

"Sijasema hivyo."

"Foleni ya ghorofa za zawadi niliikaa mpaka mapacha wakaota meno na kuyang'oa. Nikitoka leo narudi kwenye zege, kule bondeni. Unakujua. Baba yako alifia huko." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, hakutaka wafiwa wasikie, hata kwenye hasira alikuwa na adabu ya msiba. "Mama Namsifu nilimpenda. Alinipikia uji wa uzazi. Lakini yeye amekufa, Nakiete. Sisi bado."

Niliichukua ile kanga mkononi mwake, nikaikamua kwenye sinki. Nilimchukia Tunsume kwa dakika nzima, nikawachukia wale wabibi na masufuria yao, nikamchukia mama kwa kuwafanyia watu wema kiasi kile. Kisha nikaona aibu. Njia zilikuwa tatu na kila moja ilikuwa na mtu wa kuumia: kudanganya na kuwahatarisha wa ghorofa za chini; kuwafukuza waombolezaji na kumzika mama kama mtu asiye na watu; au kukaa kimya, Tunsume akafunga mizigo.

"Nipe muda," nilimwambia.

"Mwombe jua," akajibu, akarudi kwenye vyombo vyake.

4

Kile pua za ukuta zinachonusa, Jiji nalo hukisoma, na afisa wake alifika saa tisa, kwa gari lao lenye baridi, hao wanaruhusiwa. Alikuwa kijana mrefu, sare imenyooka, na mkononi ana mkoba wa mihuri myekundu ile inayobandikwa milangoni ghorofa ikifungwa. Alivua viatu bila kuambiwa. Nilimpa heshima yake kwa hilo.

"Poleni na msiba," alisema. "Naitwa Ndekirwa, afisa wa alama. Mlezi ni nani?"

"Ni mimi. Na mfiwa ni mimi."

Hilo lilimgusa, niliona. Alinivuta pembeni karibu na ukuta, ambao sasa ulikuwa njano mpaka kiunoni na umeanza kutoa joto.

"Dada yangu, jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Ukuta kama huu, watu wakipungua saa kumi, ungekuwa umerudi kijani kabla ya hapo. Watapungua?"

"Ni mkesha wa maziko. Wataongezeka."

"Basi nitafunga."

"Kuna watoto huko juu."

"Najua. Siyo mara yangu ya kwanza." Hakusema kwa kiburi, alisema kama mtu aliyechoka. "Ningekuwa na ruhusa ya kusubiri ningesubiri. Lakini tukiilegeza sheria hii kwa msiba mmoja, mwezi ujao kila mwenye jengo bovu atakuwa anazika. Watazika hata mbuzi. Wewe ni mlezi, unawajua. Sheria haina mtani."

Ningeweza kuyasema maneno hayohayo mwenyewe wiki moja nyuma.

Lakini mjomba Mbonea alikuwa ameketi hatua chache kutoka pale, na masikio ya mzee yule husikia anachotaka. Akainua kichwa.

"Nani kamtaja mtani hapa?"

"Mzee, nilikuwa naongea na mlezi," alisema afisa.

"Jina nimelisikia. Ndekirwa. Jina hilo halikuota Nyikani, limeteremka kutoka Kilimanjaro." Mjomba alisimama, na watu wakaanza kunyamaza mmoja mmoja. "Wewe ni Mchaga."

"Mimi ni afisa wa Jiji, mzee."

"Nimekuuliza kabila, hukuulizwa kazi."

Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na msibani mtani si mgeni. Ana ruhusa ya kumcheka marehemu, kuvaa nguo zake, kuzuia jeneza, kuwatukana wafiwa, na hakuna wa kununa. Anayenuna ndiye mwenye makosa. Ndekirwa alilijua hilo. Alirudi nyuma nusu hatua na kuushika mkoba wake kifuani.

Mjomba aliingiza mkono mfukoni akatoa sarafu, zile za zamani zisizonunua kitu tena mjini. Kila Mpare anajua mzaha wake: ukitaka kuhakikisha kama Mchaga amekufa kweli, dondosha sarafu karibu na sikio lake. Lakini safari hii aliyekufa alikuwa wetu, siyo wao. Mjomba aliidondosha sarafu miguuni pa afisa.

"Nataka kujua," alisema, "kama huyu kwenye sare yu hai."

Sarafu ililia sakafuni, ikazunguka, ikalala. Hakuna aliyepumua. Kwa mara ya kwanza siku ile bangili yangu ilitulia. Kijana aliitazama sarafu, akautazama ukuta, akanitazama mimi. Nilidhani atatoka. Nilidhani atabandika mihuri yake kabla ya wakati, kwa hasira.

Akainama. Akaiokota sarafu, akaing'ata kuona kama ni halali, akaitia mfukoni.

Nyumba ililipuka kwa kicheko. Wabibi walipiga vigelegele, wengine machozi yakiwatoka, bangili ikatetemeka mpaka mkono ukaniwasha. Ndekirwa alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya mkoba wa mihuri.

"Haya, nyie Wapare," alisema, na sauti yake haikuwa tena ile ya ofisini. "Mmeshazoea kushitaki hata kuku. Leo mmenishitaki mimi kwa jina langu. Huyu mliyemficha chumbani ni nani, na nguo zake ziko wapi?"

Nilimletea kanga ya mama na mwiko. Alifunga kanga kiunoni juu ya sare. Wapishi wakamfundisha: hapana, mkono mmoja hivi, shingo ipinde, mwiko uelekeze kwa watu. Kisha akapayuka, "Nani kawaruhusu kujaa jikoni kwangu? Tokeni! Wali hauivi kwa kutazamwa!"

Ilikuwa sauti ya mama. Siyo kwamba ilifanana sana, ila maneno yalikuwa yake, neno kwa neno, na huyu hakuwahi hata kumwona. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na ukuta ulikuwa wa moto.

Alipomaliza, Ndekirwa aliingia chumbani akaketi kitandani kando ya jeneza, akaulaza mwiko juu yake.

"Marehemu nimemkamata. Hatoki, hapandi Upare, hazikwi, mpaka nilipwe."

"Taja," alisema mjomba. Hiyo ndiyo desturi.

Kijana alichelewa kutaja. Alipoongea alikuwa ananitazama mimi. "Ninachotaka, afisa hawezi kukisema. Mtani anaweza. Nataka msiba huu uhame. Jengo lenye alama za juu kuliko yote Nyikani ni lile la Jiji lenyewe. Limejengwa kwa sheria hiihii. Lina ukumbi wa kukaa ukoo mzima, na hakuna mtu ndani. Wananchi tunahudumiwa kwa kioo cha mlangoni. Nataka mkalie huko. Na marehemu aende nanyi."

Nilisogea mbele ya jeneza.

"Usiku wa mwisho analala kwake," nilisema. "Aliniomba."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Mtani anadai, mfiwa ndiye anayelipa."

Nilitazama lile jeneza. Nilijua kazi yangu ingekwisha siku hiyo. Hilo sikulijali sana. Nilichojali ni ahadi, ambayo ndiyo kitu pekee mama alichoniachia nifanye. Mlangoni, nyuma ya wabibi, Tunsume alisimama na mapacha wake, mmoja kila upande. Hakusema kitu. Ningependa angesema, nipate wa kumlaumu.

Nikajiuliza mama alilala wapi siku za misiba. Swali lile lilinijia lenyewe, na jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyotaka. Hakulala kwake hata mara moja. Alilala kwenye misiba ya watu, kando ya moto wao, kanga kichwani, mwiko magotini. Utoto wangu wote nililala peke yangu kwa sababu nyumba ya mwingine ilikuwa na shida.

"Mbebeni," nilisema.

5

King'ora cha kuruhusu kilipolia saa kumi tulikuwa tayari tumeshashuka. Wajomba walibeba jeneza. Wapishi walibeba masufuria. Ndekirwa alitangulia na mwiko, akimtukana kila aliyechelewa. Barabara ya kwenda Jengo la Jiji imepandwa miti pande zote mbili, nayo inahesabiwa kwenye alama. Watu waliokuwa wanatoka majumbani mwao waliuliza msiba wa nani, wakiambiwa wanasema, "Namsifu? Huyu alitupikia kwa baba," nao wanaingia kwenye mstari.

Mlinzi wa mlango wa Jiji alituona akainuka kitini. "Mna miadi?"

"Marehemu anayo," alisema Ndekirwa, akagusa kadi yake ya kazi mlangoni. Mlango ukafunguka.

Sijawahi kuona ukuta kama ule. Ulikuwa kijani mpaka unakaribia weusi, ukipanda ghorofa baada ya ghorofa hadi juu, ambako ghorofa nne za mwisho, za zawadi kama zetu, zilikuwa ofisi za wakubwa. Ubaridi wake ulitufanya tujifunike vitenge. Kama mlezi niliuhurumia. Ukuta hai hujifunza pumzi za wenyeji wake, na huu haukuwahi kufundishwa mtu. Kila mwaka ulichukua tuzo ya jengo bora kwa sababu ya utupu wake.

Tukatandika mikeka. Tukaweka jeneza katikati. Mjomba Mbonea alinigeukia, na kwa mara ya kwanza siku ile sura yake ilikuwa ya mjomba.

"Je, hapa tulie vipi, Nakiete?"

"Mnavyoweza, mjomba."

Wakaanza kuimba. Wimbo wa milimani, sauti nne, wabibi wakishika ile ya juu kabisa. Ulijaa ukumbi ukapanda juu na kurudi. Nilikuwa na macho mawili, moja kwa mama na moja kwenye bangili. Mkuyuni ilikuwa bado njano. Dirishani jua lilikuwa limeshaanza kushuka nyuma ya minara. Kama ukuta wetu ulikuwa umechoka sana, kama nilichelewa kuamua, basi nilikuwa nimemtoa mama kwake bure. Jua likagusa paa la mwisho. Mkuyuni, njano. Nilianza kuomba, mimi ambaye nilikuwa sijaomba tangu hospitali.

Njano ikapauka. Ikatulia hapo kwa muda uliokaribia kunitoa roho. Kisha kijani, hafifu, kama mche unaotoka ardhini.

Nilipoinua kichwa, ukuta wa Jiji ulikuwa njano toka sakafuni hadi kwenye ofisi za wakubwa.

Katibu wa Jiji aliteremka mwenyewe, mtu mnene wa makamo, suti na tai, na miwani mkononi. Alisimama mwisho wa mikeka, akamwona afisa wake akiwa na kanga kiunoni, ameshika mwiko mkono mmoja na mihuri mkono mwingine.

"Ndekirwa. Nini hiki?"

"Ukuta ni wa njano, mheshimiwa, na jua limezama. Napanda kufunga ghorofa za zawadi."

"Unajua zile ni ofisi za nani?"

"Najua, mheshimiwa." Kijana alikuwa amekauka midomo, nilikuwa karibu nikaona. "Sheria haina mtani."

Akapanda ngazi. Tulisikia mihuri ikibandikwa, mlango mmoja baada ya mwingine. Wakati huohuo bangili yangu ikazimika, na haikuwaka tena. Katibu alikuwa ameshika simu yake. Alikuwa amenifuta kazi bila hata kunitazama. Mkono wangu ulibaki mwepesi, na alama nyeupe pale bangili ilipokaa miaka yote.

"Mzee," katibu alimwambia mjomba Mbonea, kwa kuwa alimwona ndiye mkubwa. "Msiba huu unaisha lini?"

"Kesho tunapanda kuzika," alisema mjomba kwa upole mkubwa. "Tukishazika tunarudi hapa kuanua matanga."

"Hapa?"

"Si ndipo msiba ulipo?"

Katibu aliutazama ukuta wake wa njano, kisha watu, kisha lile jeneza, na nadhani ndipo alipoliona kuwa ni jeneza. Mmoja wa wapishi, bibi yuleyule aliyenifungulia mikono mchana, alikuwa amekwisha kumpakulia. Alimnyooshea sahani ya wali kama anavyonyooshewa yeyote anayefika msibani, mkubwa au mdogo, adui au ndugu.

Mtu hawezi kupokea sahani ya msiba akiwa amesimama na viatu. Hilo halikuandikwa popote. Katibu aliinama akafungua kamba za viatu vyake, kimoja, kisha cha pili, akaketi kwenye mkeka.

"Poleni," alisema.

Hapo ndipo nilipomlilia mama yangu, kwa sauti yangu yote.